Mafuriko au Mto wa Mawe? Maneno ya Tahadhari na Maandalizi ya Kaya katika Wilaya ya Kalehe

Utangulizi

Wilaya ya Kalehe, katika jimbo la Kivu Kusini, imejinyoosha kando ya ziwa Kivu, upande wa magharibi, kati ya Bukavu na Goma. Msafiri anayepita barabara ya taifa namba 2 huona milima mikali upande mmoja na maji ya ziwa upande wa pili. Katikati kuna vijiji vilivyobanana juu ya vipande vidogo vya ardhi tambarare. Wengi wetu katika kitivo hiki tumepita njia hiyo, na wengine tuna ndugu huko.

Mtu anaweza kuuliza: habari za mito na milima zinaingiaje katika jarida la watu wa lugha? Jibu ni kwamba onyo ni maneno. Kaya inaweza kuwa na mlima wa kupanda na miguu ya kukimbilia, lakini ikiambiwa jambo lisiloeleweka, au ikiambiwa kwa neno linalomaanisha kitu kingine, itabaki ndani ya nyumba. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: ni kitu gani hasa kinachoshuka kutoka milima ya Kalehe, jinsi lugha yetu inavyosaidia au kuzuia watu kukielewa, na mambo ambayo kaya ya kijijini inaweza kufanya kabla ya siku ya msiba.

1. Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliua zaidi ya watu 130 upande wa pili wa ziwa, katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Siku iliyofuata, Alhamisi tarehe 4, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, katika sheferi ya Buhavu, ndivyo vilivyopigwa zaidi. Alhamisi ni siku ya soko la Nyamukubi, kwa hiyo kulikuwa na watu wengi kuliko siku nyingine, wakiwemo waliotoka vijiji vya mbali na wasiojua tabia ya mito ya pale.

Hesabu iliyotolewa siku chache baadaye ilipita wafu 400, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza Jumatatu tarehe 8 Mei kuwa siku ya maombolezo ya taifa. Nyumba, makanisa, shule na mashamba vilifunikwa au vilisukumwa hadi ziwani.

Msiba huo haukuwa wa kwanza. Mwezi wa Oktoba 2014 mito ya wilaya hiyo hiyo ilikwisha kuua watu na kubomoa nyumba kando ya ziwa. Waliokuwa watoto mwaka huo walikuwa wazazi vijana mwaka 2023.

2. Neno «mafuriko» linaficha kitu gani?

Habari nyingi za Kiswahili zilizotolewa siku zile zilitumia neno hili: mafuriko. Tulitazame neno hilo vizuri. Linatokana na kitenzi «kufurika», yaani kujaa hadi kumwagika nje ya kingo. Sufuria hufurika, kisima hufurika, ziwa hufurika. Picha iliyomo ndani ya neno ni maji yanayopanda polepole kutoka chini kwenda juu.

Mafuriko ya namna hiyo yapo, na jimbo letu linayajua. Tangu mwaka 2020 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia katika mitaa ya Uvira. Mtu aliyakuta asubuhi mlangoni, kesho yake ndani ya chumba. Alikuwa na wakati wa kutoa godoro, kuhamisha watoto, hata kung'oa manjanja ya nyumba. Lakini katika mji huo huo wa Uvira, mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulishuka ghafla kutoka milimani ukabomoa nyumba na madaraja. Lugha ikaviita vitu hivyo viwili kwa jina moja.

Kilichoshuka Nyamukubi kilikuwa cha namna hii ya pili. Mvua kali ikipiga mteremko uliokwisha kulowa, udongo hukatika na kuingia mtoni. Maji huchanganyika na tope, tope hubeba mawe, mawe hung'oa miti, na mchanganyiko huo wote hushuka pamoja. Una uzito kuliko maji matupu, kwa hiyo husukuma ukuta ambao maji peke yake yasingeuangusha. Mawe makubwa kama nyumba ndogo yanaweza kusafirishwa hivyo.

Tofauti hii inagusa uhai. Mtu anayengojea «mafuriko» hufanya mambo ya mafuriko: hupanga magunia ya unga juu ya meza, hufunga mlango, hupanda juu ya kitanda, hungoja maji yapungue. Mbele ya tope na mawe, mambo hayo yote ni ya kumpoteza. Hapo kuna kinga moja tu, nayo ni kutokuwepo njiani pake.

Tuna mfano mzuri wa neno linalofanya kazi yake. Kaskazini mwa ziwa Kivu, karibu na Goma na Sake, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya katika mabonde madogo na mashimo. Wakaaji huiita mazuku. Wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kama lilivyo, wanaliandika katika vitabu vyao. Mtoto wa huko akiambiwa «hapo kuna mazuku», amekwisha kujua mambo matatu: kuna kitu kinachoua, kiko pale chini, na asishuke. Kwa tope la mawe, Kiswahili chetu hakijapata neno lililoenea namna hiyo. Mpaka tulipate, ni heri kusema wazi «matope na mawe yanashuka» kuliko kusema «mafuriko».

3. Kwa nini watu wanakaa pale?

Mgeni hushangaa: kwa nini kujenga mdomoni mwa mto? Jibu liko katika ardhi yenyewe. Milima ya Kalehe inaingia ziwani kwa mteremko mkali, na mahali tambarare ni pachache. Pale ambapo pana uwanja mpana kidogo, mara nyingi ni mahali ambapo mto unatoka mlimani na kutua mzigo wake. Kwa maneno mengine, uwanja huo uliletwa na mto: tope juu ya tope, mawe juu ya mawe, kwa mamia na maelfu ya miaka. Ndiyo maana udongo wake una rutuba, maji yako karibu, mitumbwi inafika, barabara inapita, na soko linakaa. Faida zote zinazowavuta watu zimetokana na kitu kile kile kinachowaua.

Mambo mengine yameongeza mzigo. Vita na wasiwasi katika milima ya juu vimewasukuma watu wengi washuke kando ya ziwa. Miti imekatwa kwa ajili ya mashamba, mbao na makaa ya kupikia, na mteremko usio na mizizi haushiki udongo. Tena mvua yetu huanza mwezi wa Septemba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo ikifika Aprili na Mei ardhi imekwisha kushiba maji, na mvua mpya inateleza juu yake moja kwa moja hadi mtoni.

Hesabu ndogo inaonyesha nguvu iliyopo. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Bonde la kilomita za mraba 10 likipata milimita 50 katika alasiri moja, limepokea mita za ujazo 500,000, yaani tani 500,000 za maji. Sehemu moja tu ya maji hayo ikipita katika mfereji mmoja mwembamba ndani ya saa moja, hakuna nyumba ya matofali mabichi itakayosimama mbele yake.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wanakataa kusema «janga la asili» bila kufikiri. Mvua ni ya asili. Maafa huzaliwa pale mvua inapokutana na watu walio njiani pake, wasio na mahali pengine pa kukaa, wala habari ya mapema. Tunayo methali isemayo kwamba ajali haina kinga, nayo hutumika sana matangani kuwatuliza wafiwa. Matangani inafaa. Lakini ikitumika kabla ya msiba, inafunga mlango wa kuuliza.

4. Onyo lililo bora linasemwaje?

Matangazo ya viongozi wetu mara nyingi huandikwa kwanza kwa Kifaransa, kisha hugeuzwa. Matokeo yake ni sentensi za namna hii: «Wakaaji wa kando ya mito wanaombwa kuchukua tahadhari zote zinazofaa.» Sarufi yake haina kosa. Lakini nani anaomba? Tahadhari zipi? Lini? Msikilizaji anabaki na hofu bila kazi ya kufanya, na hofu isiyo na kazi hupoa upesi.

Onyo linalofaa hujibu maswali manne: ni kitu gani, kiko wapi, kinafika lini, nifanye nini sasa. Kiswahili kina vyombo vyote vya kujibu hayo, na sisi tunaojifunza sarufi tunavijua.

Cha kwanza ni kiambishi -ki-. Kinafunga ishara na tendo ndani ya sentensi fupi moja: «Ukisikia mto unanguruma, toka.» «Maji ya mto yakipungua ghafla wakati mvua inanyesha, panda juu.» Mfano huu wa pili ni muhimu, kwa sababu watu wengi hufurahi wakiona mto umepungua, kumbe udongo umekatika huko juu na kuziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Ishara nyingine ni maji kugeuka tope zito lenye matawi na mizizi, miti ya mteremko kuinama, nyufa mpya katika shamba, na mlio kama wa gari kubwa kutoka mlimani.

Cha pili ni viambishi vya mahali. «Kimbilieni mahali salama» haitoshi, maana kila mtu atatafsiri kwa namna yake, na mwingine ataona kanisa la kando ya mto ndilo salama kwa kuwa ni la matofali. «Pandeni pale penye shule ya juu» inaeleweka hata na mtoto wa miaka sita.

Cha tatu ni mtendaji. Tangazo liseme nani ameona, nani anasema: «Walinzi wa juu wameona mlima umekatika.» Watu huamini mtu anayejulikana kuliko tangazo lisilo na mwenyewe.

Hapa linazuka swali gumu kwa kitivo chetu: onyo liandikwe kwa Kiswahili kipi? Kiswahili sanifu kingesema: «Mawe na matope yanakuja. Tokeni mbio, pandeni shuleni.» Mtu wa Kivu angesema: «Mawe na matope inakuya. Mutoke mbio, mupande ku masomo.» Sentensi ya pili ingepata kalamu nyekundu katika mtihani. Lakini usiku wa mvua, ndiyo itakayomwamsha mama wa watoto watano bila kumfanya afikirie. Tena kuna wazee ambao Kiswahili ni lugha yao ya soko tu: kando ya ziwa huzungumza Kihavu, kuelekea Bunyakiri Kitembo, na katika milima ya juu wapo wanaozungumza Kinyarwanda. Onyo likipita kwa filimbi, ngoma, kengele ya kanisa au simu, maneno yanayoandamana nayo yawe ya lugha inayosemwa jikoni. Kufundisha Kiswahili sanifu ni kazi yetu, nasi hatuiachi. Lakini mtihani na mlio wa hatari si kitu kimoja.

5. Kaya ifanye nini kabla?

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji jioni moja ya mazungumzo, watu wote wa nyumba wakiwepo, watoto pia.

Kwanza, kujua mahali pa nyumba. Waulizeni wazee mto ulipita wapi zamani. Tazameni mawe makubwa ya mviringo yaliyolala katikati ya mashamba: hayakuota pale, yaliletwa. Kama yako juu ya nyumba yenu au sawa nayo, nyumba iko njiani.

Pili, kuchagua njia mbili za kutoka. Njia nzuri inakwenda pembeni, mbali na mto, kisha inapanda mgongo wa kilima. Isifuate mto kuelekea chini, wala isivuke daraja au kijito. Maji yanayokwenda mbio yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanaweza kubeba gari. Mahali pa kukutania pasiwe chini ya mteremko mkali uliolimwa, kwani huko nako udongo unaweza kukatika. Njia hizo zipitwe kwa miguu mara moja mchana na mara moja usiku.

Tatu, kugawa kazi. Nani anambeba mtoto mchanga? Nani anamshika mkono nyanya asiyeona vizuri? Nani anafungua kamba za mbuzi, na ni saa ngapi anaacha kuzitafuta? Swali hili la mwisho lijibiwe mapema, maana wengi hufa kwa kurudi kuchukua kitu.

Nne, kuandaa mfuko mmoja wa kuning'inia karibu na mlango. Ndani yake, katika plastiki iliyofungwa vizuri, ziwemo kadi za mpiga kura, ambazo kwetu ndizo kitambulisho cha watu wazima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vya shule. Tena toshi, kiberiti, dawa za mgonjwa wa nyumbani, fedha kidogo, na karatasi yenye namba za simu za ndugu, kwa kuwa simu yenyewe inaweza kupotea au kuzimika.

Tano, kugawa akiba. Mbegu za maharagi na mahindi zisikae zote katika nyumba ya chini. Sehemu iwekwe kwa ndugu au rafiki anayekaa juu. Kaya iliyookoka bila mbegu imepoteza pia msimu unaofuata.

Sita, kulinda usiku. Mvua ikinyesha kwa nguvu bila kukatika, mtu mzima mmoja akae macho kwa zamu na majirani. Watoto na wazee walale juu kwa ndugu, hata kama usiku wa mara nne kati ya tano hautatokea kitu. Anayesema «tulipanda bure» akumbushwe kwamba hakuna anayelalamika kuwa alibeba mwavuli na mvua haikunyesha.

Saba, kufikiri kuhusu siku ya soko na siku ya ibada. Wageni hawajui njia. Kamati ya soko inaweza kumteua mtu wa kutazama mto na mwingine wa kupiga filimbi, na kuonyesha njia ya kupanda kwa rangi juu ya mawe au miti.

Nane, baada ya tukio. Msirudi mara moja, kwa sababu wimbi la pili linaweza kufuata la kwanza. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, kwani kando ya maziwa yetu kipindupindu hakiko mbali, na visima vilivyofunikwa na tope vimechafuka.

6. Mipaka ya kaya

Itakuwa si haki kumaliza hapo, kama kwamba wakaaji wa Nyamukubi walikufa kwa kukosa mfuko mlangoni. Kaya inaweza kujiokoa kwa saa moja. Haiwezi kupima mvua ya bonde zima, kupanda msitu, kuchimba mifereji, wala kujipatia kiwanja kingine katika nchi ambayo ardhi ya juu ina wenyewe. Mtu anayeambiwa «hama» bila kuambiwa «hamia hapa» atarudi, si kwa ukaidi bali kwa sababu shamba lake na kaburi la baba yake viko pale. Mkataba wa Sendai, uliokubaliwa na mataifa mwezi wa Machi 2015, unasema wazi kwamba jukumu la kwanza la kupunguza hatari ya maafa ni la serikali. Maandalizi ya nyumbani ni ya kuokoa watu wakati tunaendelea kudai mengine.

Hitimisho

Tumeona kwamba kinachoshuka Kalehe ni zaidi ya maji, na kwamba neno tulilozoea linawaandaa watu kwa hatari nyingine. Tumeona pia kwamba lugha zetu zina uwezo wa kusema onyo kwa ufupi na kwa uwazi, na kwamba kaya ikikubaliana mapema, ina nafasi ya kutoka hai.

Sehemu yetu sisi wanafunzi na walimu wa lugha iko wazi. Likizo inakuja, na wengi watarudi vijijini kabla ya mvua ya Septemba. Mtu akifika nyumbani, amwulize nyanya yake: mto ukishusha mawe, kwa lugha yetu mnauitaje? Ulishusha mara ya mwisho mwaka gani? Ulifika wapi? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, yaletwe hapa kitivoni, na kutokana nayo tuandike maonyo mafupi kwa Kihavu, Kitembo na Kiswahili cha Kivu, yasomwe na wenyewe wa lugha kabla ya kupelekwa redioni na makanisani. Na jioni ile ile, kabla ya kulala, atoke na wadogo zake mlangoni, awaonyeshe kwa kidole njia ya kupanda.